Wapagazi, Mitaa na Mlima: Historia ya Njia za Mlima Kenya na Nyandarua Katika Majina ya Mashariki ya Nairobi

1. Utangulizi

Asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Kenya huonekana kutoka sehemu zilizoinuka za jiji la Nairobi, ingawa uko umbali wa kama kilomita 140 upande wa kaskazini-mashariki. Upande wa kaskazini huonekana pia safu ya Nyandarua. Mlima huo na safu hiyo huwavuta sana watu wa Nairobi wapendao kutembea kwa miguu, na njia zake zimekwisha kuelezwa katika vitabu vingi vya kuwaongoza wageni. Vitabu hivyo hutaja kimo cha vilele, mahali pa kulala, hatari za baridi na uzuri wa mandhari. Lakini historia ya njia zenyewe, yaani ni nani waliozikanyaga mpaka zikawa njia, aghalabu hupewa aya moja au mbili tu, na wanaotajwa katika aya hizo ni wale waliofika kileleni.

Makala haya yana nia ya kuitazama historia hiyo kutoka mahali ambapo haijazoeleka kutazamwa, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi: Kariokor, Pumwani, Shauri Moyo, Bahati, Kaloleni, Mbotela, Ofafa na mingineyo. Dai kuu ni kwamba ramani ya mlima na ramani ya mitaa hiyo ni kurasa mbili za kitabu kimoja. Ukurasa wa mlimani umeandikwa majina ya waliopanda. Majina ya waliobeba mizigo, waliolisha misafara na waliowapelekea wapiganaji chakula msituni hayakuandikwa huko. Kumbukumbu yao, kwa kadiri ilivyobakia, imo mijini, katika majina ya mitaa na katika msamiati wa Kiswahili kinachosemwa humo. Msomi wa lugha anayeisoma ramani moja bila ya nyingine atapata nusu tu ya habari.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wanafunzi wa Kiswahili. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa lugha wameshughulika sana na mitaa ya mashariki ya Nairobi kwa sababu ya Sheng, na mitaa hiyo imezoea kutazamwa kama kiwanda cha maneno mapya. Wako wanaoilaumu kwa kuharibu lugha, na wako wanaoisifu kwa kuikuza. Pande zote mbili zimesahau kwamba mitaa hiyo ni ghala la maneno ya zamani pia.

2. Majina yaliyoandikwa mlimani

Mlima wenyewe ulikuwa na majina kabla ya kuandikwa katika ramani ya Ulaya. Wakikuyu waliuita Kirinyaga, Wameru Kirimara, na Wakamba waliuita Kiinyaa. Ludwig Krapf aliuona kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, na jina aliloliandika kwa kuwasikia wenyeji wake Wakamba ndilo lililokuja kuwa Kenya, kwanza jina la mlima na baadaye la nchi nzima. Safu ya Nyandarua nayo iliitwa Aberdare na Joseph Thomson mwaka 1884, kwa heshima ya mkuu wa chama cha jiografia cha Uingereza kilichomtuma. Lord Aberdare hakufika huko.

Jambo la majina ya watu wasiofika lilirudiwa mara nyingi. Mwaka 1893 J. W. Gregory alifika kwenye barafu ya Mlima Kenya, akaipa sehemu iliyo kubwa zaidi jina la Lewis, mtaalamu wa miamba wa Marekani aliyekuwa amefariki mwaka 1888 bila ya kuuona mlima huo. Bonde ambalo njia ya Naro Moru hulifuata kuelekea vilele huitwa Teleki, kwa jina la mtemi wa Kihangari aliyepanda sehemu ya mlima mwaka 1887. Njia ya Sirimon hupitia bonde la Mackinder hadi kwenye kambi ya Shipton, na bonde jingine lina jina la Hausburg, aliyefuatana na Mackinder. Njia ya Chogoria, ambayo wengi huisifu kuliko zote kwa mandhari yake, humpitisha msafiri katika mianzi na nyika za baridi zenye lobelia kubwa, kisha juu ya korongo refu lenye ziwa la Michaelson.

Yako pia majina ya Kiafrika katika vilele. Batian, chenye kimo cha mita 5,199, na Nelion, chenye mita 5,188, vilipewa majina ya watu wa ukoo wa malaibon wa Kimaasai. Lenana, chenye mita 4,985, ambacho ndicho wafikacho wengi wa watembeaji wasio na kamba za kukwelea miamba, kina jina la mwana wa Mbatian. Sendeyo, ndugu yake na mshindani wake, ana kilele pia. Majina haya yana heshima yake. Hata hivyo, ni majina ya wakuu, nayo yaliwekwa na Mackinder mwaka 1899, wakati ambapo urafiki na Lenana ulikuwa na manufaa kwa serikali ya Waingereza. Katika majina ya mlimani yanayojulikana sana, hakuna la mpagazi.

3. Msafara wa 1899 na lugha yake

Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Miezi miwili baadaye Halford Mackinder aliondoka mahali hapo, ambapo palikuwa kambi ya mahema tu, akaelekea Mlima Kenya. Kwa hesabu inayotajwa katika habari za safari hiyo, msafara ulikuwa na watu 170: Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na viongozi wawili wa Kimaasai. Tarehe 13 Septemba Mackinder, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, walifika kwenye kilele cha Batian. Vitabu vingi vya kupanda milima husimulia habari za watatu hao. Waliobaki ni 167.

Lugha ya msafara kama huo ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili cha misafara kilikuwa na msamiati wake kamili. Aliyebeba mzigo aliitwa mpagazi, neno lenye uhusiano na kitenzi pagaa, yaani kuchukua begani. Mkubwa wa wapagazi alikuwa mnyapara, neno lililotoka bara, katika nchi ya Wanyamwezi. Aliyetangulia mbele kuonyesha njia aliitwa kirongozi. Chakula cha kila siku kilichopimwa na kugawiwa kiliitwa posho. Msafara uliolazimika kupita mahali pasipo na maji ulipika mapema, ukaondoka baada ya adhuhuri, ukalala njiani bila ya maji na kufika siku ya pili. Mwendo huo uliitwa terekeza au telekeza, kutokana na kitenzi teleka, yaani kuweka chungu motoni.

Inafaa kuyafuata maneno hayo baada ya msafara kwisha. Posho lilihamia katika mashamba ya walowezi na katika mitaa ya Nairobi, likawa na maana ya unga wa mahindi wenyewe. Mnyapara alikuwa msimamizi wa vibarua, kisha akaingia jela, ambako nyapara ni mfungwa anayewasimamia wenzake. Telekeza katika Kiswahili cha leo ni kumwacha mtu bila ya msaada. Mwanafunzi wa semantiki atauona hapa mfano mzuri wa maana kuhama, lakini mwanafunzi wa historia ataona pia kwamba maneno ya msafara yalikwenda pamoja na watu wake, kutoka njiani hadi kambini na kutoka kambini hadi mtaani.

Kuna jambo zito zaidi kuhusu msafara huo. Waswahili wawili waliuawa katika mapambano ya kutafuta chakula. Tena, mwaka 1991 K. Michael Barbour alipotoa toleo la maandishi ya Mackinder, alidokeza kwamba katika orodha ya wapagazi kuna majina manane yaliyoandikiwa maneno yenye maana ya kwamba watu hao walipigwa risasi kwa amri. Mackinder hakulieleza jambo hilo katika taarifa aliyoisoma mbele ya wanajiografia wenzake. Wasomi waliofuata, akiwamo Gerry Kearns, wamelijadili kwa urefu. Hapa lililo muhimu ni hili: watu hao walikuwa na majina, na majina yaliandikwa. Yaliandikwa katika daftari la mizigo na mishahara, hayakuandikwa katika ramani.

Thamani ya mpagazi hufahamika vizuri zaidi pale asipokuwapo. Januari 1943 mateka watatu wa Kiitalia, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya mateka ya Nanyuki ili kuupanda Mlima Kenya, na wawili kati yao walifika Lenana na kusimika bendera. Baadaye Benuzzi aliandika kitabu juu ya safari hiyo. Wao hawakuwa na mtu wa kuwabebea, na mzigo ulikuwa ni jambo la kuhesabiwa kila siku: umepungua kiasi gani, chakula kimebaki cha siku ngapi, nani atachukua nini. Katika habari za misafara yenye wapagazi, mzigo huonekana kana kwamba hujibeba wenyewe.

4. Kariokor: jina la waliobeba

Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 kazi ya upagazi iligeuzwa kuwa kazi ya lazima. Waingereza walipopigana na Wajerumani katika Afrika ya Mashariki hawakuweza kutumia wanyama wala magari katika sehemu kubwa ya nchi, kwa sababu ya mbung'o na kwa kukosa barabara. Mizigo ya jeshi ilibebwa na watu. Jeshi hilo la wapagazi, lililosimamiwa na Oscar Watkins, liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi ya tumbo, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Geoffrey Hodges, aliyeichunguza habari hiyo kwa miaka mingi, alionyesha kwamba wengi walizikwa bila ya kuorodheshwa ipasavyo.

Jina hilo la Kiingereza lilitamkwa kwa kinywa cha Kiswahili, likaacha mitaa miwili mashuhuri: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Tofauti ya maandishi yao inastahili kuangaliwa. Kariakoo imefuata kanuni za Kiswahili moja kwa moja: kila silabi imeishia kwa irabu, na irabu ndefu ya mwisho imeandikwa kwa herufi mbili. Kariokor imeandikwa kwa mkono wa ofisi iliyofikiri kwa Kiingereza, ikaachiwa konsonanti r mwishoni, ingawa konsonanti hiyo haisikiki katika matamshi ya Waingereza wenyewe. Kwa hiyo jina moja lina historia mbili za tahajia. Katika moja wasemaji ndio walioandika. Katika nyingine waliandikiwa.

Mtaa wa Kariokor ulijengwa mahali palipohusiana na kambi ya wapagazi hao. Si mbali napo ilikuwako Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwakusanya Waafrika waliokuwa wakiishi katika vijiji vilivyotawanyika pembezoni mwa mji. Vijiji hivyo, kama Pangani, vilikuwa vimejengwa na watu waliokuja na misafara, askari waliomaliza kazi, wafanya biashara wadogo na wanawake waliojijengea nyumba zao wenyewe. Uchunguzi wa Janet Bujra na wa Luise White umeonyesha jinsi wanawake hao walivyokuwa msingi wa mji huo wa Waafrika. Jina Pangani lenyewe ni la mji wa pwani ambao misafara mingi ilianzia. Pangani ya Nairobi ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake walihamishiwa Shauri Moyo. Inasimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na uamuzi waliotakiwa kuufanya: kwenda au kutokwenda ni shauri la moyo wa mtu. Hata kama masimulizi hayo yamepambwa na wakati, yanaonyesha jinsi wakazi walivyojieleza kuhama kwao.

Kumbukumbu nyingine ya wapagazi iko katikati ya jiji. Ni sanamu ya watu watatu iliyofunuliwa mwaka 1928 kwa heshima ya askari na wapagazi Waafrika wa vita hivyo. Maandishi yake yanawafananisha wapagazi na miguu na mikono ya jeshi. Ni sifa, lakini ni sifa yenye kasoro: mguu na mkono ni viungo vya mwili wa mwingine, havina jina lao wenyewe. Jina la Kariokor, ambalo halikuchongwa katika shaba na mtu yeyote, limetajwa na watu wengi zaidi kila siku, sokoni na katika matatu.

5. Njia za msituni, 1952 hadi 1956

Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, njia za Mlima Kenya na Nyandarua zilipata kazi nyingine. Misitu iliyokuwa mahali pa kutembea kwa wachache ikawa ngome ya wapiganaji. Mbuga ya taifa ya Mlima Kenya ilikuwa imeanzishwa mwaka 1949 na ile ya Aberdare mwaka 1950. Katika miaka michache tu sehemu hizo zilizotengwa kwa ajili ya wanyama na wageni zikapigwa marufuku kwa raia, zikapigwa mabomu kutoka angani, na pembezoni mwa misitu vijiji vikalazimishwa kuchimba handaki ili kuukata msitu na makazi ya watu.

Kukata huko kunaeleza jinsi njia zilivyofanya kazi. Mpiganaji aliyekuwa mwinuko wa mita 3,000, katika mianzi yenye baridi na mvua, hakuweza kuishi kwa asali na nyama ya porini peke yake. Alihitaji nguo, dawa, fedha, risasi na habari. Sehemu kubwa ya vitu hivyo ilitoka Nairobi, hasa katika mitaa ya mashariki kama Pumwani, Bahati na Shauri Moyo, ikapitishwa katika migongo ya Kiambu na Murang'a hadi msituni. Wabebaji walikuwa wengi, na wanawake walikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo. Mzigo ulifichwa katika kikapu cha mboga au katika nguo za mtoto. Huu nao ulikuwa upagazi, tofauti ni kwamba safari hii mbebaji aliuchagua mzigo wake.

Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, aliongoza wapiganaji wa Mlima Kenya hadi alipotekwa Januari 1954. Kabla ya hapo alikuwa askari wa Waingereza katika vita vya Burma, kisha akafanya kazi katika reli. Jina la Burma, liwe limefikaje, lipo pia katika soko mashuhuri karibu na Shauri Moyo. Maneno ya kijeshi yalipanda mlima pamoja na watu kama Itote. Kiapo cha wapiganaji kiliitwa cha batuni, kutokana na neno la Kiingereza la kikosi kidogo cha askari. Kambi za msituni ziliitwa mbuci, ambalo ni neno la Kiingereza la pori lililotiwa katika matamshi ya Kikuyu. Karari Njama, aliyekuwa mwandishi wa Dedan Kimathi huko Nyandarua, ameyahifadhi maneno ya namna hii katika kitabu alichokitoa pamoja na Donald Barnett mwaka 1966. Kamusi za Kiswahili hazijayachunguza vya kutosha, labda kwa sababu yalisemwa katika mpaka wa lugha mbili au tatu.

Serikali ilitambua mahali uzi ulipoanzia. Tarehe 24 Aprili 1954 ilianzisha operesheni iliyopewa jina la Anvil, yaani fuawe la mhunzi. Mitaa ya Waafrika ilizingirwa, nyumba zikapekuliwa, na watu zaidi ya 20,000, Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa katika kambi za kuzuiliwa. Baadaye baadhi ya mitaa, Bahati ukiwamo, ilizungushiwa seng'enge. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba operesheni hiyo iliwadhoofisha wapiganaji wa msituni kuliko mabomu. Ni uthibitisho, uliotolewa na adui mwenyewe, kwamba njia ya mlimani ilianzia mtaani. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 pembezoni mwa msitu upande wa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

6. Mitaa inayobishana

Isidhaniwe kwamba majina ya mitaa ya mashariki husema kwa sauti moja. Mtaa wa Mbotela ulipewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyepinga matumizi ya nguvu na aliyeuawa mjini Novemba 1952. Alikuwa wa ukoo wa James Mbotela, ambaye kitabu chake Uhuru wa Watumwa kinajulikana kwa wasomaji wote wa fasihi ya Kiswahili. Mitaa ya Ofafa ilipewa jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Majina hayo yaliwekwa na baraza la mji wakati vita vya msituni vilipokuwa vikiendelea, na kuwekwa kwake kulikuwa ni kauli ya kisiasa: serikali iliwakumbuka waliouawa na wapiganaji.

Baada ya uhuru yaliongezwa majina ya upande wa pili. Barabara ya Doonholm ikawa Jogoo. Mtaa mmoja ukaitwa Uhuru, mwingine Umoja, na mwingine ukachukua jina la Lumumba. Barabara inayopita karibu na Kariokor na Pumwani ikaitwa kwa jina la Jenerali Waruinge, mmoja wa wapiganaji wa msituni. Hivyo basi mtu anayetembea kwa miguu kutoka Kariokor hadi Mbotela, mwendo wa muda usiozidi saa moja na nusu, hupita katika jina la wapagazi wa vita vya kwanza, jina la jenerali wa msituni, jina la waliohamishwa Pangani, na jina la mtu aliyeuawa kwa kuwapinga wapiganaji. Hakuna kilichofutwa ili kingine kiandikwe. Mabishano ya zamani yamebaki ubavu kwa ubavu, na wakazi wanaishi humo wote pamoja.

Hali ya mlimani ni tofauti. Usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya huko mlimani, na tendo hilo hukumbukwa. Baada ya uhuru jina la Nyandarua lilipewa wilaya, na kwa wananchi ndilo jina la safu yenyewe, lakini mbuga ya taifa imeendelea kuitwa Aberdare. Mabonde na barafu za Mlima Kenya zimebaki na majina ya Teleki, Mackinder, Hausburg na Lewis. Barafu yenyewe inayeyuka. Ile ya Lewis imebaki sehemu ndogo tu ya ilivyokuwa wakati wa Gregory, na huenda jina likadumu kuliko kitu kilichoitwa kwalo.

7. Kazi iliyobaki

Siku hizi vijana wa mitaa ya mashariki hukusanyana alfajiri ya Jumamosi, wakapanda gari pamoja kwenda kutembea Nyandarua, Ngong au Mlima Kenya. Wengine hutembea katika msitu wa Karura, ulio karibu na jiji, ambao mwaka 1998 na 1999 Wangari Maathai na wenzake waliutetea usigawiwe wajenzi wa majumba, na ambamo mna mapango yanayohusishwa na wapiganaji. Huko Nyandarua huonyeshwa mahali penye mugumo ambao inasemekana Kimathi na watu wake waliacha barua zao. Huko Naro Moru, Sirimon na Chogoria wapagazi wangali wakibeba mizigo ya wageni kwa ujira, na wanavyo vikundi vyao. Kijana wa Kariokor anayemkodi mpagazi wa Chogoria anaweza kupanda hadi Lenana na kurudi bila ya kujua kwamba jina la mtaa wake ni jina la kazi ya yule anayemfuata nyuma na mzigo.

Ujinga huo si kosa lake. Habari hizi hazikukusanywa mahali pamoja, na muda wa kuzikusanya unapungua. Wakazi wa zamani wa mitaa hii wanakufa. Mitaa yenyewe inabomolewa ili kujengwa majumba marefu. Pangani imekwisha kubadilika, na Shauri Moyo na Makongeni nayo imeingia katika mipango hiyo. Watu wanahitaji nyumba bora, na hapana anayeweza kulipinga hilo kwa haki. Lakini majina mapya yanayobandikwa katika majengo mapya mara nyingi ni ya kuuzia tu, hayana kisa ndani yake.

Idara za lugha zina kazi tatu za kufanya hapa. Ya kwanza ni kukusanya kwa mpango masimulizi ya asili ya majina ya mitaa, barabara, masoko na vichochoro, na kuyaandika yote hata pale yanapopingana, kwa sababu kupingana kwenyewe ni habari. Ya pili ni kuandika msamiati wa wapagazi wa mlimani wa leo, kuulinganisha na ule wa misafara ya karne ya 19, na kuona ni maneno gani yamedumu na yapi yamebadilika. Ya tatu ni kuzirudia orodha za wapagazi zilizohifadhiwa katika maktaba na nyaraka za serikali, kwa jicho la mwanaisimu. Majina hayo yaliandikwa na watu wasiojua Kiswahili vizuri. Kuyasoma na kuyarudishia sura yake ni kazi ambayo mwanahistoria peke yake hawezi kuikamilisha.

8. Hitimisho

Njia za Mlima Kenya na Nyandarua zilifunguliwa kwa nguvu za watu wengi, na wachache tu kati yao waliandikwa. Wapagazi wa 1899, wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, na wanawake na wanaume waliobeba chakula na risasi hadi msituni, wote walikuwa na uhusiano na mji uliokua mashariki ya stesheni ya reli ya Nairobi, au waliuachia majina na maneno. Uchunguzi wa Kiswahili cha mji huo ukiishia katika maneno mapya, utaiacha nusu ya lugha yake nyuma. Na historia ya mlima ikiendelea kuandikwa kwa kufuata majina ya ramani, itaendelea kuwa historia ya watu watatu kati ya 170. Hao 167 waliobaki hawakupotea kabisa. Alama yao imo katika posho, katika nyapara, katika terekeza, na katika kibao cha soko kilichoandikwa Kariokor.